MASHINE YA KUKATIA MAJANI: YA MKONO AU YA INJINI?

Katika vilima vya Nyamira majani hayamngoji mtu. Mvua inyeshayo huko kwa mwaka hupita milimita 1,500, na yale majani yatambaayo, yaitwayo majani ya Kikuyu, ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Shule ikifungwa mwezi mmoja, wanafunzi hurudi na kukuta uwanja umegeuka kichaka, maficho mema ya nyoka. Ndipo kamati ya shule husema: "Na tununue mashine." Shauri ni jema; lakini fedha zitakazotumika ni za wazazi, nazo zimetoka katika chai na ndizi zao. Kwa hiyo yafaa kujua kwanza tofauti za mashine hizi.

Mashine ya mkono ndiyo ya kale. Iliundwa na Bwana Edwin Budding, wa Stroud katika Uingereza, aliyepewa hati yake mwaka 1830. Alikuwa ameona mashine ya kiwandani ikinyoa manyoya ya nguo, akafikiri kwamba majani nayo yaweza kunyolewa hivyo. Ina visu vitano au sita vilivyopindwa na kufungwa pamoja mfano wa pipa. Mtu akiisukuma, magurudumu huvizungusha visu hivyo vikipita juu ya kisu kimoja kisichosogea, nayo majani hukatwa kama kwa mkasi.

Mashine hii haili petroli, haina kelele, na fundi wa kawaida aweza kuitengeneza. Ukitaka kujua kama imekazwa sawasawa, tia kipande cha karatasi kati ya visu na uvizungushe polepole kwa kushika gurudumu. Kikikatika vizuri, mashine iko tayari. Lakini ina udhaifu wake. Majani marefu huyalaza tu bila kuyakata, majani ya Kikuyu yaliyosongamana huifanya iwe nzito mno, na jiwe dogo au kijiti huweza kuviharibu visu.

Mashine ya petroli ilianza kuuzwa na kampuni ya Ransomes ya Ipswich mwaka 1902. Nyingi tuzionazo leo ni za namna nyingine, zenye kisu kimoja kilicholala na kuzunguka kwa kasi chini ya kifuniko. Kisu hicho huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, nacho huyashinda majani marefu na mazito. Lakini hutaka petroli, oili, plagi, na fundi anayeielewa injini. Tena, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kadiri ya sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Basi usinunue injini ndogo kabisa.

Sasa tufanye hesabu. Ua wa nyumba wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, ukikatwa kwa mashine ya mkono yenye upana wa sentimita 40, humtembeza mtu mita 750 tu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, bila gharama ya petroli. Lakini kiwanja cha mpira cha mita 100 kwa 60 humdai safari 150, yaani kilometa 15 za kusukuma! Hapo injini ni ya lazima.

Na penye mteremko mkali au mawe mengi, mashine zote mbili hazifai. Fyekeo la zamani lisidharauliwe, wala ng'ombe aliyefungwa kamba.

Atakayenunua ya injini na ashike sheria hizi. Kwanza, okota mawe na vijiti, kwa maana kisu huyarusha kama risasi. Pili, watoto wakae mbali, wala wanafunzi wasiiendeshe. Tatu, vaa viatu vigumu. Nne, penye mteremko tembea ukiukingama, si kupanda na kushuka, wala usikate majani yaliyo na umande. Tano, kabla ya kukigusa kisu, zima injini na uchomoe waya wa plagi. Vidole vilivyokatwa havinunuliwi dukani.

Na kwa mashine yoyote, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja. Ukiyanyoa mpaka chini, mvua itachukua udongo.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa jembe. Lakini mashine inunuliwayo kwa fedha za watu wote sharti ichaguliwe kwa makini. Basi pimeni uwanja wenu kwanza, kisha ndipo mwende dukani.