Basi Linapolipita Lori: Hesabu Inayogusa Uhai



Maswali ya gari moja kulipita jingine huwasumbua wanafunzi wengi wa fizikia, na wengi wetu tuliyaacha darasani tukidhani kazi yake imekwisha. Kumbe kila abiria wa basi katika barabara ya Dar es Salaam–Morogoro hutegemea jibu lake, hata kama hajashika kalamu. Katika makala haya tufanye swali moja hatua kwa hatua.

Swali. Lori lenye tela, urefu wake mita 18, linakwenda kilometa 60 kwa saa. Nyuma yake lipo basi la mita 12 linalokwenda kilometa 80 kwa saa, kasi ya juu ambayo sheria ya Tanzania inaruhusu kwa basi kubwa nje ya maeneo ya makazi. Dereva anahamia upande wa pili akiwa mita 25 nyuma ya lori, na anarudi upande wake akiwa ameliacha mita 25. Atatumia muda gani, na barabara kiasi gani?

Hatua ya kwanza: umbali wa kufidia. Hapa wengi hukosea kwa kuyachukua magari kama nukta. Gari lina urefu. Basi linapaswa kufidia nafasi ya mwanzo, urefu wa lori, urefu wake lenyewe na nafasi ya mwisho: 25 + 18 + 12 + 25 = mita 80.

Hatua ya pili: tofauti ya kasi. Jiweke kwenye kiti cha utingo wa lori. Kwako wewe lori limetulia, na basi linakusogelea kwa 80 − 60 = kilometa 20 kwa saa, yaani mita 5.56 kwa sekunde. Ni halali kuhesabu kutoka kiti hicho. Galileo alionyesha mwaka 1632 kwamba aliye ndani ya chumba cha meli inayokwenda sawasawa hawezi, kwa jaribio la humo ndani, kujua kama meli inasogea. Basi, muda ni 80 ÷ 5.56 = sekunde 14.4.

Hatua ya tatu: rudi barabarani. Kwa sekunde hizo basi, likienda mita 22.2 kila sekunde, linamaliza mita 320 za lami. Lori nalo linakwenda mita 240. Toa: mita 80. Hesabu imekubali.

Hatua ya nne: gari linalokuja. Likija kwa kilometa 80 kwa saa, nalo linakula mita 320. Hivyo dereva anahitaji kuona mita 640 zilizo wazi kabla hajaanza, sawa na viwanja sita vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja. Kwa lori tulitoa kasi. Kwa anayekuja uso kwa uso, kasi hujumlishwa.

Sasa tazama jambo ambalo macho hayalioni. Tuseme lori linakwenda 70 badala ya 60. Tofauti inabaki 10. Muda unakuwa sekunde 28.8, basi linatumia mita 640, na barabara iliyo wazi lazima iwe mita 1,280. Lori limeongeza kilometa 10 tu kwa saa, lakini kila kitu kimekuwa maradufu. Likifika 80, basi halilipiti kamwe.

Wanafalsafa watamkumbuka Zeno wa Elea, ambaye hoja yake tunaipata kwa Aristotle: Akile hawezi kumpita kobe, kwani kila akifika pale kobe alipokuwa, kobe amekwisha kusogea. Jaribu kwa basi letu. Likimaliza mita 80, lori limesogea 60. Likimaliza hizo 60, lori limesogea 45. Na kuendelea bila mwisho. Lakini jumla ya 80 + 60 + 45 + 33.75 na zote zinazofuata haizidi 320, jibu lile lile la hatua ya tatu. Hatua ni nyingi bila kikomo, lakini umbali una kikomo, na muda pia.

Tunachojifunza ni hiki: usalama wa kulipita gari hautegemei kasi yako peke yake, bali tofauti kati yako na unayempita. Tofauti ikiwa ndogo, subira ndiyo hesabu sahihi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2290) inasema kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo kasi wana hatia nzito. Abiria anayepaza sauti "kanyaga mafuta!" basi likiwa nyuma ya lori lenye mwendo, anamwomba dereva barabara ya zaidi ya kilometa moja ambayo pengine haipo. Afadhali tufike tumechelewa.