Upepo wa baharini na mkopeshaji wa kwanza

Wanafunzi wangu wameniuliza: mnara wa chuma unaozalisha umeme wa upepo utaeleaje baharini? Huelea kama meli. Hukaa juu ya matangi, na minyororo huyafunga kwenye sakafu ya bahari. Mwaka 2020 Ureno ilikamilisha mitambo 3 ya namna hiyo karibu na Viana do Castelo, jumla megawati 25.

Ugumu mwingine ni fedha. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kuwa bidhaa ngeni haikopesheki kirahisi. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mali ya nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya, iliukopesha mradi huo Euro milioni 60 mwaka 2018.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini bila hati za dhamana tunalielewa hilo: wa kwanza asipothubutu, wa pili haji.