Mtaa wa Kale Hulindwaje? Maana ya Eneo la Hifadhi ya Mji



Katika makala hii tunapenda kueleza jambo ambalo wengi wetu tunalisikia lakini si wengi tunaolifahamu vyema. Wakaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja, wa Mji wa Kale wa Mombasa na wa Lamu huambiwa kuwa nyumba zao zimo ndani ya eneo la hifadhi. Wapo wanaoona fahari kwa hilo, na wapo wanaoona wamefungwa mikono, kwani hata dirisha hawawezi kulibadilisha mpaka wapate kibali. Je, eneo la hifadhi ni kitu gani? Linawekwa vipi? Na kwa nini nyumba zilizomo ndani yake bado zinaanguka?

Kutoka jengo moja hadi mtaa mzima

Zamani, nchi zilizotaka kulinda majengo ya kale zilikuwa zikichagua jengo moja moja: ngome hii, kasri lile, msikiti ule. Jengo lililochaguliwa lililindwa, lakini nyumba zilizolizunguka zilikuwa huru kuvunjwa. Matokeo yake, jengo maarufu lilibaki peke yake katikati ya maghorofa mapya, na mtaa uliolipa maana ukatoweka.

Ufaransa ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kuchukua hatua kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1962, wakati André Malraux alipokuwa Waziri wa Utamaduni, ilipitishwa sheria iliyoruhusu mtaa mzima wa kihistoria kutangazwa kuwa eneo linalolindwa. Uingereza ilifuata mwaka 1967 kwa sheria yake, na mji mdogo wa Stamford ukawa wa kwanza kuwa na eneo la hifadhi kwa mujibu wa sheria hiyo. Leo England peke yake ina takriban maeneo 10,000 ya namna hiyo.

Katika pwani yetu fikra hii ilifika miaka ya 1980. Unguja, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ikapatikana sheria maalumu ya mji huo pamoja na mpango mkuu wa kuuhifadhi. Lamu ilitangazwa na Serikali ya Kenya mwaka 1986, na Mji wa Kale wa Mombasa ukafuata mwaka 1990. Baadaye UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001.

Hapa tutanabahishe jambo moja ambalo watu hulichanganya. Urithi wa Dunia ni heshima na ni ahadi ambayo nchi huitoa mbele ya mataifa. Lakini anayetoa kibali cha ujenzi, anayesimamisha kazi na anayempeleka mvunjaji mahakamani ni mamlaka ya nchi yenyewe, kwa sheria za nchi. UNESCO haina mkaguzi anayepita vichochoroni.

Kwa nini mtaa na si nyumba?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Nyumba nyingi zimegusana ukuta kwa ukuta na zinaegemeana. Nyumba moja ikiporomoka, jirani yake hupoteza egemeo, na ukuta wake uliokuwa umefichika hubaki wazi ukipigwa na mvua. Kwa hivyo mwenye kupuuza nyumba yake anaidhuru na ya mwenzake, na dini yetu imetufundisha uzito wa haki ya jirani.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Mtaa ni pamoja na baraza wanapokaa wazee jioni, kichochoro chenye kivuli, msikiti mdogo wa jirani, kisima, chuo cha Qur'ani na duka la pembeni. Vitu hivi kimoja kimoja havina thamani kubwa katika daftari la mthamini. Vikiwa pamoja ndivyo vinavyoufanya mji uitwe mji.

Hatua za kuliweka eneo la hifadhi

Kwanza, mji huchunguzwa nyumba kwa nyumba. Wataalamu huandika umri wa jengo, matumizi yake, hali ya kuta na paa, na vitu vyake vya pekee kama mlango wa nakshi au zidaka. Katika Mji Mkongwe zaidi ya nyumba 1,700 zilichunguzwa kwa njia hii. Kwa upande wa Lamu, msanifu majengo Usam Ghaidan aliuchunguza mji huo na kuandika juu yake katika miaka ya 1970, kabla ya tangazo la Serikali.

Pili, huchorwa mpaka. Mji Mkongwe una takriban hekta 96. Upande wa bahari mpaka wake ni rahisi kuujua, na upande wa mashariki iko barabara ya Creek, ambayo sasa inaitwa Benjamin Mkapa, mahali ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Nje ya mpaka huo huwekwa eneo la kinga, ili lisije likasimamishwa ghorofa refu mlangoni mwa mji wa kale.

Tatu, mpaka hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuanzia hapo una nguvu ya sheria. Nne, majengo hupangwa kwa madaraja. Yapo yasiyotakiwa kuguswa nje wala ndani, na yapo ambayo ndani yanaweza kubadilishwa maadamu sura ya nje inabaki. Tano, huwekwa utaratibu wa vibali. Anayetaka kuvunja, kuongeza ghorofa, kubadilisha paa au kung'oa mlango hupeleka ombi, akaonesha mchoro, na akangojea jibu.

Ni muhimu kufahamu kuwa sheria hizi hazimkatazi mtu kuwa na umeme, maji na choo kizuri. Eneo la hifadhi si makumbusho ya watu. Linachotaka ni kuwa mabadiliko yapite kwa mpango.

Mahali ambapo sheria inaishia

Sasa tufike kwenye kiini cha makala yetu. Sheria ya hifadhi kazi yake kubwa ni kukataza. Inasema usivunje, usiongeze, usibadilishe. Lakini nyumba ya mawe na chokaa haihitaji mtu wa kuivunja ili ianguke. Inatosha kuachwa.

Ugonjwa huanzia juu. Mfereji wa paa huziba kwa majani, maji ya mvua hutuama, kisha huteremka ndani ya ukuta. Udongo ulioshika mawe hulowa na kulegea. Ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza pasipo mtu kuziona, na siku moja dari hushuka. Wapo wanaodhani dawa ni kupiga plasta ya saruji ili ukuta uwe mgumu. Kumbe chokaa huuacha ukuta upumue na unyevu utoke, ambapo saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta unaendelea kuharibika nyuma ya plasta inayoonekana nzima.

Basi nani wa kupanda juu ya paa hilo? Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, na wakaingia wakaazi wapya, mara nyingi familia kadhaa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja. Kodi ilikuwa ndogo, jambo lililowasaidia wanyonge kupata makaazi. Lakini kodi ndogo haikutosha kununua boriti na chokaa, mpangaji hakujiona kuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwa karibu. Kwa miaka mingi nyumba ikawa ya wote na isiwe ya yeyote.

Tusidhani kuwa msiba huu ni wa nyumba za wanyonge tu. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, limo ndani ya eneo la hifadhi na linajulikana ulimwenguni kote. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa zaidi ikaanguka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Ikiwa jumba kama hilo halikusalimika kwa kuandikwa katika orodha, mstari wa ramani hautaziba paa la nyumba ya kichochoroni.

Wakfu ulitangulia

Katika miji yetu palikuwa na utaratibu wa kulinda majengo karne nyingi kabla ya sheria za Ufaransa na Uingereza, nao ni wakfu. Mtu alikuwa akiifunga nyumba yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na kodi yake ikaenda kwa jambo la kheri: msikiti, chuo, mafukara au kizazi chake mwenyewe. Msimamizi aliwekwa ili alinde sharti la mwenye kuweka wakfu. Mpaka leo nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Utaratibu huu una somo kubwa ndani yake. Mafakihi wameeleza kuwa mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya kugawiwa wanaostahiki. Hekima yake iko wazi, kwani nyumba ikianguka, msikiti na mafukara watakosa vyote. Kwa maneno mengine, wakfu haukusema tu "usiuze". Ulitenga fedha za paa kabla ya fedha za jambo lolote jengine.

Wakfu nao umedhoofika. Kodi za zamani zilibaki chini, hati nyengine zimepotea, na wapo waliokula mali hiyo bila ya khofu. Lakini kanuni yake ndiyo inayokosekana katika maeneo mengi ya hifadhi: matengenezo kwanza, na yawe na fungu lake linalojulikana.

Nyumba zikisalimika na watu wakiondoka

Upo upande wa pili wa shilingi ya utalii. Utalii umeleta fedha za kutengeneza nyumba ambazo pengine zingekuwa vifusi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na za Lamu zimekuwa hoteli na nyumba za wageni, na baadhi yake zimetengenezwa vizuri sana. Hata hivyo, kila familia inapouza na kuhama, msikiti wa mtaa hupungukiwa na safu, na chuo hupungukiwa na watoto. Kuta zinaweza kubaki zote na mtaa ukawa umekufa. Kwa hivyo tunapopima hifadhi ya mji, tuhesabu nyumba zilizosimama, na tuhesabu pia wenyeji waliobaki ndani yake.

Na tusiwasahau walio nje ya mstari. Ng'ambo, upande wa pili wa barabara ya Creek, pana mitaa yenye historia yake, misikiti yake na mafundi wake. Kuitwa kwa upande mmoja urithi hakuufanyi upande wa pili kuwa hauna thamani.

Tufanye nini sisi?

Mambo makubwa tutawaachia wenye mamlaka. Lakini yapo yaliyo katika uwezo wa familia na wanafunzi:

1. Kusafisha mifereji ya paa kabla ya masika na kabla ya vuli. Kazi hii ni ya asubuhi moja na huokoa nyumba nzima.
2. Kutumia chokaa katika kuta za chokaa, na kumuuliza fundi mzee kabla ya kununua saruji.
3. Kuomba kibali mapema na kuweka nakala ya kila karatasi.
4. Kutouza mlango wa nakshi. Fedha zake huisha, na mlango haurudi.
5. Kuuliza wazee juu ya nyumba za wakfu za mtaa wetu: ni ya nani, kwa sharti gani, hati iko wapi, kisha kuyaandika majibu yao wakiwa bado hai.
6. Kutoa taarifa tunapoona ukuta umepasuka au umetuna, na kuwaondoa watoto hapo mara moja. Roho ya mtu ni bora kuliko jengo lolote.

Kwa wanafunzi wetu tunaongeza neno moja. Ufundi wa chokaa, wa boriti na wa nakshi uko mikononi mwa mafundi wachache, na wengi wao ni watu wazima. Kijana atakayejifunza kazi hiyo atapata riziki ya halali na atauhudumia mji wake. Sheria inaweza kuweka mpaka, lakini paa linamhitaji mtu wa kulipanda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na wanaokaa ndani yake, awarehemu waliofariki chini ya vifusi, na atujaalie kuwa waaminifu kwa amana tulizoachiwa. Amin.