Je, Wajua? Askari wa Plastiki Anaposimama kwa Mguu Mmoja

Je, wajua kwamba visanamu vya mashujaa vyenye viungo vya kukunjika vina deni kwa duka la vifaa vya wachoraji? Don Levine wa kampuni ya Hasbro, Marekani, aliona dirishani pa duka hilo kile kimtu cha mbao ambacho wachoraji hukikunja mikono na miguu wanapojifunza mwili wa binadamu. Mwaka 1964 Hasbro wakatoa G.I. Joe: askari wa sentimita 30, mwenye sehemu 21 zinazosogea. Anayekesha leo akitafuta pembe sahihi ya kiwiko cha kisanamu anafanya kazi ileile ya mchoraji mwenye kimtu cha mbao.

Ukimpata G.I. Joe wa zamani, mtazame gumba la mkono wa kulia. Ukucha uko upande wa chini! Hasbro waliliacha kosa hilo liwe alama ya kuwanasa waigaji, kwa kuwa umbo la binadamu ni la kila mtu, lakini ukucha uliogeuka una mwenyewe.

Na je, wajua kwamba mahakama iliwahi kuamua kama mashujaa wa katuni wa X-Men ni watu? Marekani ilitoza wanasesere ushuru wa forodha wa asilimia 12, na vitu vya kuchezea vya aina nyingine asilimia 6.8. Kisheria, mwanasesere alipaswa kuwa mfano wa binadamu. Kampuni ya Toy Biz ikadai kwamba viumbe wake si binadamu, na mwaka 2003 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya huko ikakubaliana nayo.

Je, wajua kwa nini visanamu vingi vinaonekana vimekufa rafuni? Vimesimama kwa miguu miwili iliyobeba uzito sawa, macho mbele, mikono imening'inia. Hakuna mtu aliye hai anayesimama hivyo kwa muda mrefu. Mtazame anayengoja daladala: mguu mmoja umebeba mwili, nyonga ya upande huo imepanda, bega la upande huohuo limeshuka, kichwa kimegeukia barabarani. Mchongaji Mgiriki Polykleitos aliijua siri hiyo katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alipomchonga mbeba mkuki wake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo sanaa yote ya kupanga visanamu ilipo. Bei ya kisanamu hainunui uzito. Uzito unautia wewe kwa vidole vyako.

Ngumi nayo haianzi mkononi. Kinyanyue kwanza kisigino cha nyuma, zungusha nyonga, kisha kiuno, kisha bega. Ngumi ije mwisho. Ukiunyoosha mkono peke yake, shujaa wako ataonekana anaomba chenji.

Je, wajua kwamba kamera husaliti udogo wa kisanamu? Lenzi ikisogea karibu sana, eneo linaloonekana kwa ukali huwa jembamba mno: pua iko wazi, masikio yana ukungu. Jicho letu likiona hivyo hutambua mara moja kuwa kitu ni kidogo. Dawa ni kupunguza tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, kuongeza mwanga, na kuishusha kamera hadi usawa wa macho ya kisanamu. Ukikipiga picha kutoka juu, umekipiga kama mtu anayeokota kitu sakafuni.

Maji ndiyo adui mkubwa zaidi wa picha za visanamu. Kisanamu cha sentimita 15 ni mtu wa sentimita 180 aliyepunguzwa mara 12, lakini tone la maji halikubali kupunguzwa. Likitua shavuni huonekana kubwa kama limau. Unga wa ngano ni mtiifu zaidi: chembe zake ni ndogo kiasi cha kuonekana kama theluji au vumbi la vita.

Je, wajua kwamba neno diorama, yaani mandhari iliyojengwa kwa udogo, lilianza kama jina la jumba la maonyesho? Louis Daguerre alilifungua Paris mwaka 1822. Jumba liliungua mwaka 1839, mwaka uleule alipoutangazia ulimwengu mbinu yake ya kupiga picha. Mpiga picha wa visanamu amerithi kazi zote mbili za bwana huyo.

Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner haikuwa na visanamu vya filamu ya Star Wars tayari, ikauza bahasha isiyo na kisanamu hata kimoja. Ndani mlikuwa na cheti cha kuagizia vinne vya kwanza, na jukwaa la kadibodi la kuvipangia. Jukwaa lilifika kabla ya waigizaji!

Tatsuya Tanaka wa Japani ametoa picha moja ya vijitu vidogo kila siku tangu Aprili 20, 2011. Kwake brokoli ni mti.

Je, wajua habari za Mark Hogancamp? Aprili 2000, wanaume watano walimpiga nje ya baa huko Kingston, jimbo la New York. Alizirai siku tisa, na alipozinduka kumbukumbu nyingi zilikuwa zimefutika. Alikuwa mchoraji, sasa mikono ilitetemeka. Pesa za matibabu zilipokwisha, akajitibu uani: akajenga Marwencol, mji wa Ubelgiji wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wenye wakazi waliopunguzwa mara sita. Kuvifunga vifungo vidogo vya sare kulimrudishia vidole vyake. Picha alizopiga humo zilifika kwenye maonyesho ya sanaa jijini New York, na mwaka 2010 ikatoka filamu ya hali halisi kumhusu.

Gari lake la kuchezea aina ya jeep alilifunga kamba na kulivuta kando ya barabara kila alipotembea, maili baada ya maili, mpaka matairi yakalika kama ya gari lililotoka vitani.