Kubiringisha makopo ni masomo kwa mtoto wa nasari

WAZAZI wengi wa mijini humpeleka mtoto wa miaka minne katika shule ya nasari wakitarajia arudi jioni na daftari lililojaa herufi. Wakifika na kumkuta mwalimu ameegemeza ubao kwenye kiti, watoto wakiteremsha makopo na mipira, hunung'unika kwamba karo yao inapotea bure. Mimi kama daktari nina maoni tofauti, na ningependa uyasikie kabla hujaenda kumlalamikia mwalimu huyo.

Mtoto wa umri huo hajifunzi sana kwa kuambiwa. Hujifunza kwa kushika, kuachilia na kutazama. Hebu jaribu nyumbani. Tafuta ubao wa urefu wa mita moja hivi, uuegemeze juu ya vitabu viwili. Mpe mtoto chungwa, raba ya kufutia, kopo tupu la maziwa na kikombe cha plastiki. Kabla hajaachilia kitu chochote, muulize: "Hiki kitabiringika, kitateleza au kitakwama?" Mwache ajibu, kisha ajaribu mwenyewe.

Chungwa litaondoka mara moja. Raba itang'ang'ania ubao. Ongeza kitabu cha tatu, cha nne na cha tano, hadi raba nayo isalimu amri na kuteleza. Hapo mtoto amekutana na msuguano miaka mingi kabla ya kufundishwa jina lake katika sekondari.

Kikombe ndicho huwachekesha zaidi. Hakishuki kwa mstari ulionyooka bali hupinda na kuanguka kando, kwa kuwa mdomo wake ni mpana kuliko kitako, na katika kila mzunguko mdomo husafiri mwendo mrefu zaidi. Usiharakishe kumweleza hayo. Akisema kikombe "kimeogopa", jibu hilo latosha kwa leo. Kesho atakigeuza upande wa pili kuona kama bado kinaogopa. Galileo wa Italia naye alibiringisha mpira wa shaba katika mfereji uliochongwa kwenye ubao ili achunguze jinsi vitu vinavyoanguka, na maelezo yake yakachapishwa mwaka wa 1638.

Sasa tuje kwa mwili, ambao ndio kazi yangu. Mtoto anayecheza hivi huchuchumaa, huinuka, hukimbilia kopo na kurudi nalo mbio. Macho hufuata kitu kinachokwenda kasi huku mkono ukijiandaa kudaka. Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watoto wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kutumia mwili kila siku, 60 kati yazo ziwe za kuwafanya watwete, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Mtoto anayeishi ghorofa ya nne, asiye na uwanja na anayeletwa na gari hadi langoni, atazipata wapi dakika hizo akikalishwa dawatini kutwa nzima?

Hata hivyo, mchezo huu una hatari zake. Gololi hubiringika vizuri kuliko kitu kingine, lakini usiziruhusu iwapo nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kipimo rahisi ni lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni inapoisha: kinachopita humo kinaweza kumsakama mtoto mdogo. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja akisakamwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele na umpige kati ya mabega mara tano kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uivute kwa ghafla kuelekea ndani na juu, mara tano. Rudia hivyo huku mwenzako akitafuta usaidizi. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

Katika bustani za kuchezea kuna kosa jingine ambalo hufanywa kwa nia njema kabisa. Mzazi humpakata mtoto wa mwaka mmoja au miwili, wakaserereka pamoja. Kiatu cha mtoto hunasa ukingoni, kama ile raba ubaoni, ilhali uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka. Mfupa wa muundi huvunjika. Ni heri aserereke peke yake kwenye mteremko mfupi, nawe usimame kando. Ikiwa mteremko ni wa chuma, uguse kwanza kwa mkono. Jua la adhuhuri huweza kuufanya uchome ngozi.

Mchezo huu pia humsaidia mzazi kugundua kasoro mapema. Ukiona mtoto hugeuza kichwa kila mara ili atazame kwa jicho moja, haoni kitu kikitokea upande mmoja, au macho yake hayaelekei mahali pamoja, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Usikubali kuambiwa kwamba kengeza litaisha akikua. Jicho lisilotumika likiachwa miaka mingi, uwezo wake wa kuona hupungua, na baadaye miwani pekee haiwezi kuurudisha.