Kipimo cha sukari kisibaki kabatini



Ndugu wasomaji, Ramadhani moja iliyopita tulikuwa msikitini tukisubiri sala ya Alasiri. Mzee aliyeketi karibu nasi akaanza kutokwa na jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, na alipoulizwa hali yake akajibu maneno yasiyoeleweka. Mwanawe alimjua kuwa ni mgonjwa wa kisukari. Akaulizwa, "Kipimo chake kiko wapi?" Akajibu kwa unyonge, "Kipo nyumbani, kabatini."

Alhamdulillahi, mzee yule alikuwa bado anaweza kumeza. Alinyweshwa maji yenye sukari, na baada ya muda akili ikamrejea. Tulipomuuliza kwa nini hakuja na kipimo chake, alitaja sababu mbili: alichelea kuwa tone la damu lingembatilishia saumu, na aliona haya kujichoma kidole mbele za watu. Sababu hizo mbili ndizo zilizotufanya tushike kalamu.

Hofu isiyo na msingi

Wanazuoni wamebainisha kuwa kutoa damu kwa ajili ya kipimo hakubatilishi saumu. Ama kuhusu udhu, katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, damu ya kidole haitengui udhu. Mgonjwa na aifute damu hiyo kwa pamba, kisha aendelee na ibada yake.

Kinachopaswa kuogopwa ni kutojua. Wataalamu wa kisukari wanaelekeza kuwa mfungaji avunje saumu mara moja sukari yake ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita), au ikipanda kupita milimoli 16.7 (miligramu 300). Asingoje adhana, hata kama imebaki nusu saa. Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Lakini mtu ataitumiaje ruhusa hiyo kwa wakati wake, ikiwa kipimo kiko kabatini naye yuko sokoni?

Mfuko mmoja, mahali pamoja

Mashine ya kwanza ya aina hii, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970, ilikuwa na uzito unaozidi kilo moja na ilikusudiwa mezani kwa daktari. Leo mashine inaenea katika kiganja. Kwa hiyo uzito si udhuru tena. Tatizo letu ni mazoea.

Tunashauri kila mgonjwa awe na mfuko mmoja mdogo wenye zipu, usiotumika kwa jambo jingine. Ndani yake ziwemo mashine, kichupa cha vijiti vya kupimia, kalamu ya kutobolea pamoja na sindano zake ndogo, pamba kavu, daftari dogo la kuandikia matokeo, na kitu cha sukari: pakiti ya glukosi au tende chache. Iwemo pia karatasi yenye jina la mgonjwa, dawa anazotumia na namba ya simu ya jamaa yake. Mfuko huo ukae karibu na mlango, pamoja na funguo, ili anayetoka asiusahau.

Vijiti vya kupimia visitolewe katika kichupa chake na kufungwa katika karatasi, kwani unyevu huviharibu navyo hutoa majibu ya uongo. Kifuniko kifungwe mara tu kijiti kinapotolewa. Wala mfuko usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto huharibu vijiti na insulini pia. Insulini inayotumika hustahimili kivuli cha nyumba kwa takriban wiki nne, lakini haistahimili jua kali wala barafu. Katika safari ndefu, ifungwe katika mfuko wa plastiki, kisha izungushiwe kitambaa kilicholowekwa maji na kukamuliwa. Ni hekima ile ile ya mtungi wa udongo unaopoza maji. Anayekwenda Hijja kwa ndege aishike mkononi, asiiweke katika mzigo unaoingia chini ya ndege.

Kabla ya kupima, mikono ioshwe kwa maji na ikaushwe. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa, mashine itamsomea sukari ya embe badala ya sukari ya damu yake. Sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja. Wasichangie hata mume na mke, kwani homa ya ini huambukizwa kwa njia hiyo. Sindano iliyotumika itiwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, isije ikamchoma mtoto au mzoa taka.

Dhima ya familia

Mgonjwa ambaye sukari imeshuka sana huenda asiweze kujisaidia. Kwa hiyo mke, watoto na jirani wajue mfuko ulipo na namna ya kuutumia. Mtoto mwenye kisukari akienda madrasa, ustadhi wake aelezwe, wala asikatazwe kutoka na mfuko wake darasani.

Sukari ikiwa chini, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, arudiwe. Dalili zikionekana na kipimo hakipo, apewe sukari bila kungoja. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Ndugu zetu, tunakumbuka habari ya yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mwili ni amana, na mfuko huu mdogo ni kamba yake. Mzee wetu yule sasa haingii msikitini bila huo mfuko; huuweka mbele yake, kando ya msahafu, na hapana anayemshangaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie kuwa wenye kusaidiana. Amin.