Rangi ya Chuma na Umri wa Bastola za Kijerumani

Magofu ya ngome ya Ikoma, wilayani Serengeti, ni masalio ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Naumann kilifika hapo kikiandamwa na Waingereza na Wabelgiji. Vita huacha vyuma ardhini, na jembe la mkulima wa Serengeti au wa Tarime laweza kuviibua. Aokotaye bastola kuukuu huvutwa kuisugua kwa msasa ipate kung'aa. Kumbe ndivyo anavyoifuta historia yake. (Aidha, yaweza kuwa na risasi ndani. Iachwe ilipo, polisi waarifiwe.)

Wakusanyaji wa silaha za kale hulipa fedha nyingi kwa aina zilizo adimu, na penye fedha hapakosi waghushi. Tutwae mfano wa Luger, iliyopokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Umbo lake lilibadilika kidogo sana. Atazamaye umbo peke yake hatambui kitu. Tofauti zimo katika mambo madogo: alama ya kiwanda, mwaka uliopigwa juu ya chemba ya risasi, na rangi ya vipande vidogo kama kifyatulio.

Katika bastola za kiwanda cha DWM cha Berlin, kifyatulio kilikuwa na rangi ya majani makavu. Hiyo si rangi ya kupaka. Chuma kilichosuguliwa, kikipashwa moto hadi nyuzi 230 hivi za Selsiasi, huvaa utando wa oksidi usiofikia unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga unaoakisiwa na uso wa utando hukutana na ule unaoakisiwa na chuma chini yake. Baadhi ya mawimbi hufifishana, mengine huongezana nguvu, nasi tukaona manjano. Joto likizidi utando hunenepa, na rangi hugeuka kahawia, zambarau, kisha bluu karibu na nyuzi 300. Mwalimu aweza kuyaonyesha haya kwa wembe, koleo na taa ya spiriti.

Kiwanda cha Mauser, kilichorithi kazi hiyo mwaka 1930, kiliendelea na desturi hii hadi 1937, kilipoanza kutia vipande vyote weusi wa bluu katika maji moto ya chumvi kali. Basi Luger ya DWM ya mwaka 1917 yenye kifyatulio cha bluu imekwisha kuguswa na mkono mwingine.

Namba nazo husema. Vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola, na zisipolingana, kipande kimebadilishwa. Mwenye kughushi huweza kuikwangua namba. Lakini muhuri ulipopigwa ulizibana fuwele za chuma hata chini ya mchoro wenyewe. Maabara za polisi hupaka tindikali mahali hapo, nayo hula chuma kilichobanwa kwa kasi tofauti, tarakimu zikajitokeza tena kwa muda.